Nastaafu Desemba, nataka kurudi ngumbaru. Nimeanza kuchanganyikiwa au?

Mhasibu wa Kihonda

Wakuu habari za jumapili, wakubwa zangu shikamooni. Mimi ni mhasibu wa halmashauri, naishi Morogoro, Desemba hii natimiza 60 kwa hiyo natoka kwa mujibu wa sheria, barua nishaipata. Niliajiriwa 1991 kipindi leja inaandikwa kwa mkono na ukikosea unapiga mstari na kuweka sahihi pembeni, mpaka leo tunafunga hesabu kwenye kompyuta. Miaka 34 nahesabu hela za watu wengine.

Sasa mwezi uliopita tuliitwa semina ya wastaafu watarajiwa, siku mbili. Siku ya kwanza kuku chotara. Siku ya pili asubuhi nyumba za kupanga na hati fungani, mchana kuku tena maana kuna jamaa alikuja na vipeperushi vya vifaranga. Mwisho tukapewa kalamu na maji ya chupa tukarudi makwetu. Sikatai hela ni muhimu, mi ni mhasibu nani atanifundisha hilo, ila siku mbili nzima hakuna hata mmoja aliyetuuliza jumanne ya mwezi wa pili saa nne asubuhi utakuwa umekaa wapi unafanya nini. Kuna mwenzetu alitangulia, kila ijumaa anakuja ofisini kusalimia, anakaa kwenye benchi la wageni mpaka mchana, vijana wameshaanza kumkwepa wanapitia mlango wa nyuma. Na yule alikuwa mkuu wa idara jamani.

Mimi nataka kujifunza kupiga udi, kile chombo cha nyuzi cha kwenye taarabu. Basi nimesema.

Nieleze kidogo msinicheke. Nimezaliwa kambi ya mkonge upande wa Muheza, baba alikuwa mkataji. Mwaka 1973 niko mdogo, baba akaanza kwenda ngumbaru jioni, yale masomo ya watu wazima, ule wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, wanakusanyika wanasikiliza redio halafu mwalimu anawasomea kitabu wanajadiliana, na kweli siku moja alirudi akachukua jembe akaanza kuchimba choo nyuma ya nyumba bila kumwambia mtu kitu. Kabla ya hapo siku ya mshahara baba alikuwa anaweka dole gumba. Sitasahau siku aliyoandika jina lake mwenyewe, karani akamwambia mzee inatosha, maana jina lake kaliandika, la babu kaliandika, sasa anaelekea kwa babu wa babu na foleni imesimama. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, vidole vimekakamaa, na hakuongezewa hata senti moja kwa kujua kusoma.

Baadaye nikapelekwa Tanga mjini kwa shangazi, Ngamiani, nyumba ya pili kulikuwa na watu wanafanya mazoezi ya taarabu, kazi yangu mimi kubeba viti na kukaa kimya. Mpiga udi mmoja akanionesha siku moja pa kuweka kidole. Kidole kimoja tu. Tangu hapo ni shule, kazi, ndoa, watoto wanne, ada, msiba wa huku na harusi ya kule, basi nimefika hapa.

Swali langu: kuna mtu humu amestaafu akajifunza kitu ambacho hakileti hela? Ulianzaje na watu walikuchukuliaje? Na la pili hili linaninyima usingizi, ni haki kweli kuchukua hela ya mafao kununua chombo cha muziki wakati mtoto wa mwisho bado yuko chuo?

Kikotoo Kimenikokotoa

Mkuu hongera kwa kumaliza salama wengi hawafiki. Lakini ngoja nikwambie ukweli maana hapa watakuja watu wa kukupamba. Wewe kama ulikuwa LAPF, ule mfuko wa pensheni wa halmashauri, ulizoea kujua siku ya kutoka unabeba nusu yako ya mkupuo. Wakaunganisha mifuko ya watumishi wa umma 2018 ikawa mmoja, PSSSF, ukaja mkupuo wa asilimia 25 kwa wote, watu wakapiga kelele, mwisho wa mwaka huohuo Magufuli akarudisha ya zamani, 2022 ikawa 33, bajeti ya 2024 ndo wakawapandisha nyie wa LAPF na PSPF kwenda 40 na sisi wengine 35. Mi nilitoka 2023 upande wa PPF ya zamani. Hela iliingia jumatano, jumatatu ilikuwa imeshaisha, deni la benki, kumalizia lenta na bati, na kijana wangu ana digrii yupo ndani anaangalia mpira.

Kwa hiyo haya mambo ya kujiendeleza nafsi uzeeni ni ya watu wenye pa kuegemea. Ukianza ting ting sebuleni ndugu wataitisha kikao.

Cha maana nikuachie: nenda kahakikishe michango yako yote inasomeka, mwezi kwa mwezi, toka 1991, na jina kwenye kitambulisho cha taifa lifanane na la barua ya ajira herufi kwa herufi. Mi yangu ilikuwa na "h" moja imezidi. Miezi mitano, kwa ajili ya "h".

Mama Ndiva

Mdogo wangu Mhasibu, marahaba. Mimi ni muuguzi mstaafu, nilitoka 2019, niko Same upande wa milimani. Nitaandika kirefu mnisamehe.

Mwaka wa kwanza ulinishinda. Mwili ulizoea zamu ya usiku, ikifika saa mbili usiku unataka kupokea ripoti, na hakuna wa kunipa ripoti. Nikawa naamka saa nane na tochi nakwenda kukagua mbuzi bandani mmoja mmoja, mpaka siku moja marehemu mume wangu akaniuliza, vipi kuna anayehitaji dripu? Tulicheka lakini nilikuwa naumwa, nawaambia, sikuwa na jina la ule ugonjwa. Watu wanakupigia simu wakiumwa tu, ukiwaambia nenda kituoni ndo mazungumzo yameisha.

Kilichonitoa ni ugomvi wa maji. Sisi huku tuna ndiva, kwa wasiojua ni bwawa dogo la kuchimba, maji yanaingia usiku yanajaa, asubuhi yanafunguliwa yanashuka kwenye mfereji kwenda mashambani kwa zamu. Zamani kila ndiva ina ukoo wake unaosimamia. Sasa vijana wawili wakashikana mashati kuhusu zamu, mmoja akauliza kwani hii ndiva kaichimba nani, kikao kizima kimya. Watu arobaini pale hakuna anayejua. Mimi nimezaliwa mita mia mbili kutoka hapo, na sijui.

Nikaenda kwa mzee mmoja wa zaidi ya miaka tisini, nikamwekea simu irekodi. Mara ya kwanza nilimharibia kabisa, nilikuwa nauliza kama najaza kadi ya mgonjwa, lini, wapi, mara ngapi, mzee akachoka akalala. Nikarudi tena na tena mpaka nikajua kukaa kimya. Mnaona ni kitu kidogo? Miaka 37 nimeuliza watu maswali na sikuwa najua kusikiliza jibu ambalo halina kisanduku cha kuweka tiki. Mzee alifariki miezi minne baadaye, na kwenye simu nilikuwa nimebaki na masaa kumi na moja.

Sasa nina kaunta buku tatu. Nimejifunza kuandika Chasu, yaani Kipare chetu, ambacho nilikuwa nakiongea tu tena cha kuchanganya, na nimejifunza kuchora ramani ya mfereji kwa kutembea, magoti yanalia lakini natembea. Hela haijaniletea. Gharama ni daftari na bando. Kikotoo, mdogo wangu, pole sana kwa yaliyokupata, ila umeongea kana kwamba kila kitu cha nafsi kinauzwa dukani.

Mhasibu, ushauri wangu usisubiri Desemba. Ukisubiri siku ya mwisho utaingia kwenye ule mwaka wa kwanza mikono mitupu na mwaka wa kwanza ni mbaya.

Binti wa Tegeta

Shikamooni wote. Mi sijastaafu nina 27 lakini naomba kuongea kwa niaba ya familia zenye wastaafu, mzee Mhasibu tafadhali sana NUNUA HUO UDI 😂

Baba yangu katoka kazini miaka miwili sasa. Alikuwa anaondoka saa kumi na mbili anarudi saa moja usiku, tulikuwa tunamwona jumapili. Sasa yupo. Yupo muda wote. Kajipa cheo cha ukaguzi wa jiko, kwa nini gesi imeisha wiki ya tatu, nani kaacha friji wazi, vitunguu mbona mnakata vinene hivi, anazima swichi za watu wanachaji simu. Mama mwanzo alivumilia sa hivi kaingia kwaya, kaingia vikoba viwili, kila jioni ana kikao, juzi nikamuuliza mama hivi hivyo vikoba vyote unaweka hela akasema mwanangu kimoja naweka hela kingine naweka akili yangu.

Na baba si mtu mbaya jamani, ukimwangalia akiwa peke yake barazani unaona kabisa hajui afanye nini na mikono yake. Swali langu mama Ndiva, unamwambiaje baba yako akajifunze kitu bila kumvunjia heshima?

Mama Ndiva

Usimwambie mwanangu. Mwombe yeye akufundishe kitu anachokijua. Alikuwa kazi gani?

Binti wa Tegeta

Fundi umeme wa mitambo. Duh. Kumbe ndo maana swichi.

Nakuru ya Zamani

Salamu wazee, mimi ni wa hapa Nakuru, Kiswahili changu mtanivumilia. Hiyo maneno ya semina na kuku imenikumbusha babangu. Alistaafu ualimu, hiyo miaka ya 2013 kila mtu hapa alikuwa anasema kware, mayai ya kware ni dawa, mayai ya kware yananunuliwa bei ya juu, mpaka watu wanakimbilia leseni ya KWS, wale wa wanyamapori, kwa sababu ni ndege wa porini. Mzee aliweka karibu pesa yake yote ya kustaafu kwa kware. Mwaka ulivyofuata kila boma lina kware na hakuna mtu anataka kununua, tulikula mayai ya kware asubuhi mchana jioni hadi tukachukia. Sasa mtu akiniambia udi ni kupoteza pesa mimi namuuliza tu, na kware?

Halafu mnaongea ngumbaru na hamjamtaja Maruge. Kimani Maruge alikuwa wa hapa kwetu Kenya, huko Eldoret, elimu ya msingi ikifanywa bure 2003, mwaka uliofuata mzee wa miaka 84 akatokea na kaptura na soksi akaandikishwa darasa la kwanza Kapkenduiywo. Sababu yake alikuwa anataka kujisomea Biblia aone kama hao wahubiri wanasema ukweli, na ahesabu pesa yake. 2005 akapelekwa hadi New York kuongea mambo ya elimu. Vurugu za uchaguzi za 2008 zikamfanya akimbie, akaishi kwa kambi ya wakimbizi kwa tenti, na bado alikuwa anatembea kwenda shule. Alikufa 2009 kabla ya kumaliza la nane. Watu wanasema ooh hakumaliza. Hakumaliza nini? Alitaka kusoma, akasoma.

Kile kitu huwa nafikiria juu yake si miaka, ni hiyo kaptura. Mzee alipigana Mau Mau, wajukuu wengi, anavaa kaptura ya shule mbele ya kijiji. Hapo ndo kuna kazi.

Mlimani 88

Nakuru umesema vizuri. Na hapa kwetu Tanzania mnasahau Mwalimu Nyerere. Aliacha urais 1985 akaenda zake Butiama, mashamba, kusuluhisha migogoro ya nchi za watu, na katikati ya hayo yote akakaa kuweka Injili kwenye tenzi, mistari kwa mizani, mtu aliyekwisha kuongoza nchi zaidi ya miaka ishirini anahesabu silabi. Mzee Mwinyi naye habari za maisha yake kazitoa kitabu 2021 siku anatimiza miaka 96.

Kikotoo Kimenikokotoa

Nyerere hakuwa na marejesho ya benki mkuu.

Mlimani 88

Hahaha hilo sina jibu.

Risha ya Mkunazini

Asalaam aleykum. Nimeupitia uzi wote, kila mtu kamjibu Bwana Mhasibu isipokuwa kuhusu udi wenyewe, kwa hivyo mie nitaongea udi.

Kwanza umri. Mie nimefundisha watoto wa skuli na nimefundisha watu wazima, na mtu mzima ana shida mbili, vidole na haya. Vidole vinalainika. Kila siku dakika ishirini ni bora kuliko jumamosi masaa matatu, ukilazimisha masaa matatu utaumia kifundo cha mkono na utaacha. Haya ndiyo inayowatoa watu. Mtoto akikosea anacheka, mtu mzima akikosea anaangalia mlango nani kasikia.

Pili, udi si gitaa. Shingo yake ni laini, haina vile vichuma vya kukuonesha mpaka wa sauti, kidole ukikisogeza kidogo tu umeshatoka. Ndiyo tabu yake na ndiyo utamu wake, maana zile sauti za katikati za Rast na Bayati, makamu za muziki wa Kiarabu, kwenye piano huzipati. Kwa hiyo sikio lazima litangulie mkono. Wewe uliyekaa Ngamiani unabeba viti umeshafanya nusu ya kazi bila kujua. Chukua nyimbo moja unayoijua tangu utotoni, iimbe kwanza mpaka itulie, kisha itafute kwenye uzi. Usianze na mazoezi ya kitabuni.

Tatu, kununua. Udi mpya mzuri ni ghali na usinunue wa urembo wa watalii, ule ukutani pazuri, kupigia hapana. Tafuta uliotumika, nenda na mtu anayejua aangalie shingo kama haijapinda na nyuzi zimekaa umbali gani na shingo, zikiwa juu sana utaona kama unabonyeza waya wa uzio. Nyuzi kwa kawaida kumi na moja, jozi tano na mmoja mnene peke yake. Risha, ile ya kukwangulia nyuzi, watu walikuwa wanachonga ya unyoya au pembe, siku hizi plastiki yatosha. Na joto la huko kwenu Morogoro angalia, usiuache ndani ya gari wala karibu na dirisha la jua, mbao zake nyembamba zitafunguka.

Mwalimu: hapa Unguja kuna chuo cha muziki, Dhow Countries, kinafundisha ala kama udi, kanuni, fidla, piga simu kwanza kabla hujapanda boti. Na kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, wakifanya mazoezi ukakaa kwa adabu hakuna atakayekufukuza. Utabeba viti tena.

Kuhusu mafao na mtoto aliye chuo sina fatwa. Lakini Bi Kidude kaimba mpaka uzee ule tulioujua sote, na sikumbuki mtu kumuuliza analeta kiasi gani nyumbani.

Kikotoo Kimenikokotoa

Bi Kidude hiyo ilikuwa kazi yake bwana, usichanganye.

Risha ya Mkunazini

Kweli, hilo nakubali.

Mhasibu wa Kihonda

Wakuu nimerudi, samahani tulikuwa tunafunga robo mwaka. Nimesoma kila kitu mara mbili, ya mama Ndiva mara tatu.

Nilimwambia mama watoto jana usiku. Nilijiandaa kabisa na maelezo, nimeandika kwenye karatasi kama naomba kibali cha matumizi. Akanisikiliza mpaka mwisho akasema mimi nilidhani ni ugonjwa. Nikamuuliza ugonjwa gani. Akasema hivyo vidole vyako, miaka 31 kila ukimaliza kula unavigonga mezani, mkono wa kushoto unabonyeza wa kulia unakwangua, mama yangu alishaniuliza mumeo huyu ana kifafa cha mikono? Sikuwahi kujua kama nafanya hivyo. Wallahi sikujua.

Halafu akaleta lake, na yeye anastaafu ualimu mwakani, kumbe anataka kujifunza kuogelea na alikuwa hajaniambia, amezaliwa Kyela ziwani na hajui kuogelea kwa sababu wasichana walikatazwa. Sasa tumefungua kasma mbili, fungu la udi na fungu la kuogelea. Kikotoo usikasirike, nimepiga hesabu kama ya ofisini: kwanza ada ya mtoto mpaka amalize imetengwa haiguswi, deni halipo nililimaliza mwaka jana, kuku hakuna, na udi uliotumika pamoja na nauli na masomo ya mwezi mmoja ni pungufu ya banda nililokuwa nataka kujenga. Na lile la "h" nimelifanyia kazi, kwangu imekutwa "l" mahali pa "r", nimeshapeleka kiapo. Kwa hilo nakushukuru sana ndugu yangu.

Bado naona aibu, sitadanganya. Kijana wangu mkubwa akipiga simu namwambiaje sijui. Ile kaptura ya Maruge imenikaa kichwani.

Risha, nafikiria nije Unguja mwanzoni mwa Januari. Kuna kitu nijiandae nacho?

Risha ya Mkunazini

Usije mwanzoni, tarehe 12 ni Mapinduzi, boti zinajaa na vyumba bei juu. Njoo wiki ya tatu. Njoo na daftari na kofia, barazani pana jua.

Na kucha za mkono wa kushoto kata leo, uzikate mpaka chini.